Pasheni ya Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya miche pale Kasese sikugusa mmea. Niliosha mikono tu. Mkuu wa maabara, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, alinusa viganja vyangu. "Bado! Osha tena." Nikaosha, nimenuna. Lakini kazi ya kukuza mimea chupani ndivyo ilivyo: uchafu kidogo tu, yote inaoza.

Migomba tuliiweza. Mimea ya shina gumu la mti, kama pasheni, ndiyo yenye kiburi. Ukiikata hutoa maji ya kahawia, ikajitia sumu yenyewe. Dawa ni kuihamishia kwenye chakula kipya kila mara, bila kuchoka. Mimi sichoki.

Ndipo akaja Mama Kavira, mchuuzi Mkongo aliyekimbilia Bwera kutoka Butembo na kipande cha shina la pasheni ya marehemu mama yake. Alikipanda, kikazaa, kisha virusi vikaingia: majani yakakunjamana, matunda yakawa magumu; akatuletea tawi lake.

"Hiyo iko mgonjwa. Choma!" alisema Afande. "Hapa si hospitali."

"Papa, mama yangu alishakufaka. Ni hii tu njo ilibakia."

Nilimwomba Afande chupa chache, akanipa akiguna. Virusi havifiki kirahisi kwenye ncha kabisa ya chipukizi. Nilizikata ncha hizo chini ya hadubini, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi, nikazipanda chupani. Nyingi zilikufa. Zilizopona zikatoa majani laini, yamenyooka, nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilimpa Mama Kavira miche, nikamwonya: mche wa chupani ni mtoto mchanga, ufunike nailoni, uuzoeshe hewa polepole. Akaitikia. Jumapili akaipeleka miche yote kanisani kutoa shukrani, akaivua nailoni ili padri aione vizuri. Misa za Bwera si fupi. Matoleo yalipokwisha, miche ilikuwa imelala, imekauka.

Alirudi analia. Nikamwonyesha rafu: fundi mwenye akili hatoi chupa zote. Afande akakohoa. "Mpe. Nailoni mara mbili!"

Ninyi vijana wa maabara, leo mna mashine nzuri kuliko zetu. Hata hivyo najivunia mikono yangu, wala sifichi.

Siku nilipostaafu, Mama Kavira alileta kikapu cha pasheni zilizoiva, kimefungwa nailoni gubigubi.

"Mama, hizi zimeshaiva. Hewa haiziwezi."

"Dada, miye sitaaminia tena ile hewa."

Tulizila pale pale. Afande, sasa mzee wa mkongojo, yule aliyesema ichomwe, aliomba ya pili.