Siku Meja Aliponyamaza

Sisi wa Ainabkoi tuna kiburi cha ng'ombe, na hakuna aliyekuwa nacho kumshinda Mzee Kipkirui. Kwa miaka mingi fahali wake, Meja, ndiye aliyepanda ng'ombe wa kijiji kizima. Ukiona ndama mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, hukuwa na haja ya kuuliza babake ni nani. Watu walileta ng'ombe wao langoni, na mzee alisimama kando na fimbo yake akipokea sifa kana kwamba kazi ameifanya yeye.

Bintiye Jepkemboi ndiye aliyekuwa akimfungulia Meja lango, na hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza. Baadaye alikwenda chuo mjini Eldoret kusomea kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alirudi na pikipiki na mtungi wa baridi kali, ndani yake mbegu za mafahali wa mbali ambao hatutawaona kamwe. Jambo la kwanza alilomwambia babake lilikuwa kweli tupu, lakini jamani, si angechagua maneno!

"Baba, Meja anapanda mabinti zake. Sasa ameanza wajukuu. Ndiyo maana ndama wanazaliwa wadogo."

Mzee aliona ametukanwa yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo shughuli za bintiye aliziita mchezo wa mtungi, na Jepkemboi akipita na pikipiki, yeye aligeuza uso na kutazama upande wa Kaptagat, kama mtu anayesubiri mvua.

Wa kwanza kumwita Jepkemboi alikuwa jirani wa mzee, mjane aitwaye Mama Waiyego. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Karembo, naye ni binti wa Meja. Mama Waiyego alisema hawezi kumwoza mtoto kwa babake, akacheka. Mzee hakucheka. Aliacha hata kumsalimia, na ua unaowatenganisha ni mmoja.

Basi balaa ikaanza. Karembo hakushika mimba. Ng'ombe aliye na wenzake, siku yake ya kutaka fahali ikifika, huwapanda nao humpanda, hata kipofu angejua. Karembo alikaa peke yake bandani, mpole, halii wala hasumbui. Mama Waiyego alikuwa akikisia tu. Mara aliita mapema mno, mara siku ilikuwa imeshapita, na kila mara Jepkemboi alirudi nyumbani ameharibu mbegu. Maziwa yalikauka. Watu, ambao hawakosi la kusema, wakanong'ona kwamba mkono wa msichana huyo hauna bahati, na baadhi yao wakaanza kurudisha ng'ombe kwa Meja.

Alhamisi moja Mama Waiyego alimwambia Jepkemboi wazi, macho yamejaa machozi.

"Daktari, nimechoka kulisha ng'ombe haina maziwa. Mtu wa bucha anakuja kutoka Eldoret Jumamosi. Usikasirike, mami."

Jepkemboi hakukasirika. Aliogopa. Alijua kwamba Karembo akienda buchani, hakuna mtu upande huu atakayemwita tena.

Habari hizo zilimfikia mzee jioni, na chakula kikamshinda. Karembo alimjua tangu alipozaliwa. Yeye ndiye aliyemvuta kwa kamba, mvua ikinyesha, mamake akiwa amechoka kusukuma. Tena kulikuwa na jambo lililomchoma zaidi. Kila siku ya Karembo ilipofika, Meja alisimama kwenye ua, akaacha majani na kulia akielekea banda la jirani. Pua ya fahali haihitaji chuo. Mzee alisikia kila mara, akajua maana yake, akanyamaza. Alitaka mtungi ushindwe. Lilikuwa jambo baya, na usiku huo hakuweza kulipaka rangi nyingine.

Ijumaa asubuhi Meja alilia tena. Mzee alivaa koti na kofia, akatembea mpaka sentani, kwenye maduka, anakoishi bintiye. Alimkuta akifunga mtungi kwenye pikipiki.

"Karembo iko tayari," alisema, hata salamu hakutoa.

"Nani amekuambia, Baba?"

"Ndume yangu. Husema kila mara. Mimi ndio nilikuwa nanyamaza."

Jepkemboi alishika usukani wa pikipiki kwa nguvu. Hasira zilimpanda, na mapenzi yakampanda pamoja nazo, asijue aanze na lipi.

"Miezi yote hiyo, Baba? Na watu wakinicheka?"

"Miezi yote. Pole. Sasa twende."

"Sio saa hii. Ikianza asubuhi, tunaserve kwa mrija jioni. Haraka ndio imekuwa ikituangusha."

Mzee, ambaye hajawahi kungoja mtu, alingoja. Jioni aliingia kwa Mama Waiyego kwa lango, akasalimia, akakaribishwa. Kisha akashika mkia wa Karembo, akauweka kando, huku bintiye akivaa glavu ndefu na kuingiza mrija taratibu. Mtu wa bucha alipigiwa simu aambiwe asubiri wiki tatu: Karembo kama hajashika, siku yake ingerudi, na Meja angelia.

Wiki hizo tatu zilikuwa ndefu kwa kijiji kizima. Siku zilipofika, watu walipita kwenye ule ua wakijifanya wanatafuta kuku. Jepkemboi alikuja kila asubuhi, akasimama na babake na Mama Waiyego, wote watatu kimya kama wako kanisani. Meja alikula majani. Kesho yake alikula majani. Mzee alimsogelea, akamgeuza pua upande wa banda la Karembo.

"Wewe Meja, umezeeka ama?"

Meja alimtemea pumzi ya joto usoni, akarudi kwenye majani yake. Siku zikapita zote, na hakulia hata mara moja.

Mzee aligeuka, akavua kofia mbele ya bintiye.

"Amenyamaza," alisema. "Kazi yako imeshika, daktari."

Kazi. Hakuwahi kuiita hivyo. Jepkemboi aliangua kilio kikubwa hadi Meja akainua kichwa, akawatazama kidogo, kisha akaendelea kula.