Nilivyopika mabomba ya choo kwenye mchanga wa karanga ili kamanda wa Kirumi apate deraya

Wakuu, poleni na shughuli. Aliye na chai aiweke pembeni asije akapaliwa.

Kuna kijana alibandika humu picha za deraya, lile vazi la chuma la vitani, aliyojitengenezea kwa plastiki, akaandika kwamba ameitupa kwa sababu bega moja limezidi lingine. Nilisoma comment zote. Nikacheka, halafu nikaumia, kwa sababu kijana huyo ni mimi wa miaka ya sabini.

Basi naleta yangu. Siongezi chumvi, na penye aibu nitaiacha ilivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi Arua kwa shangazi yangu, upande wa Onduparaka. Siku za mpira mtaa mzima ulihamia uwanjani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, napiga msasa.

Kundi letu la vijana kanisani lilikuwa na mchezo wa Pasaka na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mavazi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu.

Sasa ungamo la kwanza: sikuwahi kukabidhi kitu. Mwaka mmoja nilitengeneza taji, siku ya mchezo nikaona limepinda kwa upana wa kucha, nikalificha chini ya kitanda. Mfalme akatawala kichwa wazi. Kabla ya hapo nilishona mabawa, nikayachoma moto asubuhi ya onyesho. Malaika akaja kwa miguu kama sisi wengine.

Mwalimu Ezati, kiongozi wa kundi, akaniita pembeni.

"Ayikoru, hii iko mara ya mwisho. Deraya ya kamanda isipofika mbele ya watu, kamanda atavaa gunia, na wewe utarudi kwaya."

Kwaya! Wakuu, mimi nikiimba hata kuku wanahama kiwanja.

Mjomba wangu alikuwa fundi bomba huko Kuluva. Akaniletea vipande vilivyobaki vya bomba la plastiki, lile nene la kijivu linalopitisha maji ya choo. Vilikuwa vipya kabisa, havijawahi kuona choo. Nasema mapema kwa sababu najua mtakavyoanza.

Nilivipasua kwa msumeno wa chuma, kisha nikaanza kutafuta jinsi ya kuvilainisha. Kwanza nikajaribu makaa. Upande mmoja ukaungua, wa pili ukabaki mgumu, na moshi ukamtoa shangazi jikoni na mwiko mkononi. (Msirudie hilo, moshi wa plastiki ile ni sumu. Sikujua.) Nikajaribu maji yanayochemka, lakini kipande hakikuenea kwenye sufuria yoyote ya nyumbani.

Halafu siku moja nikamtazama shangazi akikaanga karanga kwenye mchanga. Nimeona jambo hilo tangu nizaliwe! Mchanga unashika joto, unaizunguka karanga pande zote, hakuna inayoungua.

Nikazika kipande kwenye mchanga wa moto, nikahesabu hadi mia, nikakivuta kwa vibao viwili.

Kilikuwa laini kama chapati.

Nilicheza peke yangu pale nyuma ya nyumba. Nikakiweka katikati ya mbao mbili, nikasimama juu, na kilipopoa nilikuwa na bapa la plastiki! Nikalipasha tena, nikalilaza juu ya tumbo la mtungi wa maji, nikabonyeza kwa tambara. Kikatoka kifua. Nikatengeneza na mabega mawili, nikayafunga kwa kamba za ngozi, nikapaka yote rangi ya fedha.

Aliyepangwa kuivaa ni Adriko, mbeba magunia sokoni, mtu mpana kama mlango. Akajipima, akajitazama.

"Dada Ayikoru, kamanda huyu ana mimba ya miezi saba."

Kosa la mtungi. Nikarudia, nikarudia, siku baada ya siku, mpaka mimba ikapungua ikawa kitambi. Usingizi ulikuwa mfupi. Nilipima bega la kushoto na la kulia kwa uzi, nikapima tena uzi wenyewe. Lakini mara hii ilipendeza jamani, hata mimi nilikubali.

Mwaliko ulikuwa wa Dranya, kule Koboko. Tulipata lifti kwenye lori la mfanyabiashara wa Kikongo tuliyemwita Papa Dezire, na yeye ndiye aliyekuwa dereva. Wenzangu walipanda nyuma. Mimi sikuwa tayari kuweka kazi yangu kwenye vumbi lile na magoti ya watu. Niliomba nafasi ya mbele, nikaifunga deraya kwa blanketi tatu, nikailaza juu ya mfuniko wa injini, kati yangu na Papa Dezire.

"Mutoto wako amelala muzuri?" akauliza.

"Amelala, Papa."

Njia nzima nilikuwa nimeweka mkono juu ya blanketi. Nilisikia joto zuri. Nikaliona kama baraka. Mwenye akili ameshaelewa.

Kabla ya Koboko tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Miaka ile mtu hakucheka kwanza pale, alingoja askari acheke.

"Hii iko nini?"

"Nguo, afande," nikasema.

Akafungua blanketi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ndani kulikuwa na mabomba matatu.

Wakuu, bomba lililokunjuliwa kwa moto halisahau. Likipata joto tena, linataka kurudi kuwa bomba. Kile kifua kilikuwa kimejikunja, mabega yamejikunja, na rangi ya fedha imepasuka kama tope kavu. Nilikuwa nimelifunga kwa blanketi tatu juu ya injini. Kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa upendo!

"Wewe nasema nguo. Hii iko bomba. Nyinyi napeleka bomba ya nini?"

Adriko akaruka kutoka nyuma ya lori.

"Iko nguo yangu, afande. Ya mchezo ya kanisa."

"Nguo yako?"

"Ndiyo, afande."

"Vaa."

Adriko akaingiza mkono wa kulia kwenye bomba moja, wa kushoto kwenye la pili. Lile kubwa akalisimamisha kichwani. Akakaza mgongo, akapiga saluti, na bomba likagonga bomba.

Kisha yule askari akaanza kutikisika mabega, akawaita wenzake.

"Kuja ona! Kuja ona askari ya bomba!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tukaruhusiwa kwenda. Mimi nilikuwa nalia kwikwi, na Mwalimu Ezati akanishika bega, akaniambia hatari imepita. Alidhani nalilia maisha yetu. Nilikuwa nalilia mabega.

Tulipofika Koboko mjini, mimi mwenyewe nikasema: "Mwalimu, Adriko avae gunia tu."

Ungamo la pili, na ndilo kubwa. Nilipotamka maneno yale nilisikia raha. Gunia halina bega la kushoto, na hakuna atakayelihukumu.

Adriko akanusa hewa, akageuza kichwa.

"Ayikoru. Karanga."

Pembeni mwa soko alikaa mama mmoja, Mama Kiden, anakaanga karanga kwenye karai kubwa. Nilimkimbilia.

"Mama, shikamoo. Naomba mchanga wako."

"Mchanga? Mbona iko mingi barabarani."

"Ule wa moto, mama."

Nikamweleza, nikamwonyesha. Akayatazama yale mabomba, akanitazama mimi.

"Hii ya choo iingie kwa karai yangu? Wateja nakimbia!"

"Ni mapya, mama. Hayajatumika."

"Choo mpya iko choo."

Lakini alikuwa ameanza kucheka. Akavuta karai nyingine kuukuu iliyotoboka ukingoni. Karanga zake ziive kwanza, akasema, na huyu mkubwa apepee moto. Adriko akapiga magoti, akapepea. Mimi nikazunguka soko kama kuku mwenye yai.

Zamu yetu ilipofika nikagundua mtungi umebaki Arua.

Nikamtazama Adriko. Adriko akanitazama.

"Hapana," akasema.

Tulimvika magunia mawili yaliyoloweshwa maji. Nikazika kifua, nikahesabu hadi mia, nikakitoa, nikamlaza kamanda chali sokoni Koboko na kumbandika plastiki ya moto. Mvuke ukapanda. Alipiga kelele kwa Kilugbara maneno ambayo mtu wa kanisa hatakiwi kuyajua. Mama Kiden akambonyeza mbavu kwa viganja kama anakanda unga, akisema, "Tulia, wewe! Hata karanga haipigi kelele."

Kikapoa, tukayafanya mabega vivyo hivyo, nikafunga kamba. Adriko akasimama. Na kile kifua, wakuu, kilikaa! Hakuna mimba, hakuna kitambi. Kilikuwa kifua cha Adriko mwenyewe, kwa sababu kilitoka kwake.

Lakini chembe za mchanga zilikuwa zimeganda kwenye rangi. Ganda moja la karanga lilikuwa limenasa karibu na shingo. Na bega la kushoto, Mungu wangu, lilikuwa limepanda kidole kizima.

"Vua," nikasema. "Nirudie mara moja tu."

"Watu nangoja," akasema Mwalimu.

"Mara moja tu!"

Adriko akakaza kamba zake. "Mimi nimevaa. Unataka, kuja univue mbele ya watu." Akapanda lori na deraya mwilini, akanipa mkono nipande.

Nililipima lile bega kwa macho mara ya mwisho. Kisha nikaushika ule mkono.

Dranya palikuwa na wakulima, wageni kutoka Sudani, akina mama na watoto wao. Adriko alipotokea, wa mbele walirudi nyuma hatua moja. Chembe za mchanga zilimeta juani. Kila alipoinua mkono, bega lile la juu lilitangulia kama mtu mwenye kiburi cha cheo. Nilikuwa nimetaka kulikata kwa msumeno, na kumbe ndilo lililomfanya kamanda.

Mama Kiden alikuja nasi, ungo wake wa karanga kichwani. Alikuwa anamwambia kila aliyekaa karibu: "Ile nimepika mimi. Na huyu dada."

Mama mmoja akageuka kwangu. "Iko ya chuma?"

Nilifungua mdomo nimwonyeshe bega. Nimwonyeshe ganda la karanga shingoni. Maneno yalishafika kwenye meno.

"Asante, mama," nikasema. Nikafunga mdomo.

Somo nililolipata: usiweke plastiki juu ya injini. Na kazi yako ikishatoka mkononi, usiifuate nyuma ukiitangazia makosa. Watu wengi hawakuyaona, na walioyaona waliyapenda. Bado naumwa ugonjwa huo. Uzi huu wenyewe nimeufuta mara nne kabla ya kuubandika.

Haya, kijana wa deraya, nenda kaitoe jalalani utuletee picha ikiwa imevaliwa. Na fundi yeyote humu anayejua namna ya kulisahaulisha bomba asili yake, aseme, nina vipande viwili hapa nyumbani vinaningoja.