Ngazi za Kwenye Picha

Mume wangu nilimwogopa kwenye karatasi kabla sijamwona kwa macho. Mshenga aliileta picha yake kutoka Dar es Salaam, ikapita mikononi mwa shangazi zangu wote ndipo ikanifikia mimi, mwenye kuozwa. Kijana amesimama na koti, nyuma yake ngazi pana za mawe zinapanda hadi kwenye mlango mweusi. Shangazi wakapiga vigelegele: tumepata mkwe wa ghorofa.

Mimi nimezaliwa Bagamoyo, nyumba ya udongo. Ngazi niliyoijua ni ya fundi wa makuti. Wiki nzima niliyofungiwa ndani nikifundwa, nilizipanda zile za picha kichwani mwangu. Kila nikifika juu, mlango unafungwa nyuma yangu. Nikawa sili. Shangazi wakasema ni haya za mwali. Haya gani? Ilikuwa hofu tupu.

Siku ya nikahi, somo aliyenifunda alikuwa akinipaka hina. Nikamwambia sitaki kwenda kuishi huko juu. Akaichukua picha, akaisogeza dirishani.

"Mwanangu, mawe yana mkunjo?"

Kweli, ngazi zilikuwa na mkunjo, na ukingo wake ulikuwa umeinuka kidogo sakafuni. Ni kitambaa cha mpiga picha, kimechorwa. Hofu ikazidi. Kama nyumba ni ya kuazima, koti je, ambalo mikono yake ilimfunika vidole? Na mtu mwenyewe? Nikamchunguza nikitafuta kitu kisicho cha mpiga picha, nikaishia miguuni. Alikuwa pekupeku, vidole vimetanuka, ukucha wa dole gumba umepasuka, sawasawa na miguu ya baba akitoka shamba.

Alasiri shehe akaja na mashahidi, wakasimama nje ya mlango. Akauliza kama nimeridhia. Sauti haikutoka. Akauliza tena. Somo akaninong'oneza kwamba nikinyamaza watasema nimekubali. Sikutaka kuozwa na ukimya wangu. Nikaifunika picha kwa kiganja chenye hina mbichi, nikabakiza miguu tu.

"Nimeridhia," nikasema, meno yakigongana. Doa la hina lipo hadi leo juu ya ngazi zile.

Sikupelekwa Dar es Salaam, nikapelekwa shamba, Kiwangwa, kwenye kibanda kati ya mikorosho. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka, hanipishi niingie.

"Ulikubali kwa sababu ya ngazi?" akauliza. Alikuwa akitetemeka kuliko mimi.