Mwanahistoria wa Kwa Nasoro

Mume wangu Hamid anaosha mabasi. Hiyo si aibu. Aibu ni kwamba tangu avae miwani ya kusomea anajiita mwanahistoria, na jina lake amelitia "bin" ambayo haimo hata kwenye pasi yake. Wakati wa theluji anapita mtaani kwetu Hjulsta, huku ughaibuni, na kanzu ndani ya koti zito, pindo linafagia matope, na mimi ndiye ninayelifua.

Kijiji chake kinaitwa Kwa Nasoro, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika: nyumba kumi na moja za Waarabu waliokuja kutafuta pembe wakaishia kuuza chumvi. Hamid alitolewa huko akiwa bado ananyonya. Anayekikumbuka ni mmoja tu, mama mkwe wangu Bi Colombe, Mrundi wa milimani aliyeolewa pale akiwa kigoli. Majira mawili ya baridi Hamid alikwenda kwake Jakobsberg, huku huku ughaibuni, akala ugali wake, akaokota kila neno mdomoni mwake.

Mama aliomba kitu kimoja.

"Mwanangu, na sisi tuliokamua mawese utuandike. Jina langu uliweke, nilione kabla sijafa."

Hamid akaapa, nikisikia.

Siku ya uzinduzi wa kitabu, katika ukumbi wa mtaa, mama alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya. Hamid akasoma saa nzima. Tukatajiwa ukoo wa Nasoro, vizazi sita, na mashujaa ambao hadi leo sijui walimpiga nani. Hata punda wa Nasoro alitajwa kwa jina. Yalipofika mawese, tukaambiwa Waarabu ndio walioyastawisha, "wakisaidiwa na wanawake wa kienyeji". Basi, yakaisha. Nilimwonea haya mume wangu mpaka masikio yakaniwaka.

Valéry, mwalimu mstaafu, akauliza ushahidi wa haya yote uko wapi.

Hamid akavimba. "Shahidi ninaye hapa, ndiye pekee aliyebaki hai. Mama, waambie, si ndivyo ilivyokuwa Kwa Nasoro?"

Mama akasimama polepole, akashika kiti.

"Mimi sijui, baba," akasema. "Nimekisikiliza kitabu chote, mimi simo. Labda sikuwahi kufika huko."

Kisha akanigeukia, akaniomba nimletee koti lake, anakwenda kwake.