Wodi ya Masikio

Kitambaa cha kwanza nilikichomoa kwa hasira mpaka vumbi likaniingia machoni. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu, kimekunjwa na kushindiliwa ndani ya tundu la hewa nililolichora mwenyewe. Nikashuka ngazi, nikaisogeza, nikapanda tena. La pili nalo limezibwa. La tatu, kanga na gunzi la mahindi juu yake. Matundu yote ya mashariki, yale yanayoukamata upepo, yalikuwa yamezibwa, na kamati ilikuwa njiani inatoka Tabora mjini.

Mimi ni msanifu majengo, mzaliwa wa Cheyo, mjini humohumo, na wodi hii ya wazazi, katika kijiji kimoja ukishapita Ziba, ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Hakuna tofali lililochomwa pale. Nimekua nikiona matanuru yakimeza miti ya miombo, lori baada ya lori, ndiyo maana nikaapa kwamba wodi yangu itajengwa kwa udongo wa palepale, umechanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Isitoe moshi ikijengwa, wala isidai feni ikishajengwa. Upepo ungeingia kwa matundu ya mashariki, joto likatokea juu, magharibi. Kwenye michoro, humo ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungi.

Sasa jana yake nilikuwa nimesoma vipimajoto nilivyoviacha ukutani tangu wodi ifunguliwe, vile vinavyojiandikia vyenyewe kila saa. Nilisoma mara mbili, nikakaa chini. Mchana wa Oktoba, wodi yangu ilikuwa na joto kuliko ile ya zamani ya bati. Na kamati ilikuwa inakuja kuamua jambo moja tu: wodi zijazo zijengwe hivi, au turudi kwenye tanuru. Wakiingia mle wakatoka na makwapa yamelowa, basi, kwisha habari.

Nesi mkuu wa zahanati, mama aliyekaribia kustaafu, alinikuta juu ya ngazi, vitambaa vimejaa begani.

"Shikamoo," nilisema bila kushuka.

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini na vitambaa vya watu?"

"Nani kaziba?"

"Yaani umepita Ziba, halafu unashangaa kukuta tumeziba?" Akacheka peke yake.

"Mama, si wakati wa utani! Jengo linapumulia hapa. Mmeliziba pua!"

"Si pua hizo," alisema, na kicheko kikamwisha. "Ni masikio."

Neno hilo nilikuwa nalijua. Kijiji kizima kiliita jengo hili Wodi ya Masikio, na mimi, mjinga, nilifurahi. Nilidhani wanasema vile vikofia vya udongo vilivyotokeza juu ya kila tundu kuzuia mvua. Hata kwenye maelezo niliyoipelekea kamati niliandika jina hilo kwa majigambo, ati ushahidi kwamba wananchi wamelipenda jengo lao.

Kabla sijamuuliza ana maana gani, waliingia wanawake wawili: binti aliyeshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, na mama mkwe wake. Nesi alimpokea binti akampandisha kitandani. Mama mkwe akatoka kwenda kukaa na ndugu kwenye baraza la kusubiria. Baraza hilo nililiweka mimi, upande wa mashariki, chini kabisa ya matundu, kwa kuwa mchana ndiko kunakokuwa na kivuli.

Binti alitazama juu, akaona matundu yote yako wazi. Akanikamata mkono.

"Dada, rudishia," alininong'oneza. "Watanisikia."

Jamani, aibu iliyonipata siku ile! Kwetu mwanamke hapigi kelele leba. Akipiga, mawifi watamwigiza kwenye kila harusi mpaka azeeke. Mimi mwenyewe nilipojifungua mwanangu wa kwanza niling'ata kanga mpaka ikatoboka, kwa sababu mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimesahau. Nilisoma miaka yote ile jinsi hewa inavyopita, nisikumbuke kwamba sauti hupita humohumo.

"Wengine wameshaanza kujifungulia nyumbani," nesi alisema taratibu. "Wanaokuja ndio hao wenye vitambaa."

Hapo tukasikia gari.

Nilisimama katikati ya chumba, vitambaa mikononi. Upepo ulikuwa umeanza kuingia, mtamu, ule ule niliouchora. Nikiuacha, kamati itakuta ubaridi na nitashinda. Binti alikuwa amefumba macho, amejiziba mdomo kwa kiganja. Sitajisifu: nilisita. Nilisita muda wa uchungu wake mmoja mzima. Kisha nikapanda ngazi, nikarudishia vitambaa kimoja kimoja.

Kamati iliingizwa chumba cha pili, ambacho hewa yake hupitia juu ya ukuta wa leba. Haikuchukua muda, mwenyekiti akatoa leso.

"Mama, ulituandikia humu kuna ubaridi."

"Niliandika."

"Mbona tunaiva?"

"Matundu yamezibwa."

"Nani kaziba?"

"Mimi," nilisema. "Sasa hivi. Na nimefanya vizuri kuziba. Nilipokosea ni kwenye kuchora." Nikawaeleza yote, baraza, mawifi, kanga. Wanaume wazima waliangalia viatu vyao.

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema uamuzi utasubiri. Nihamishe baraza, nipinde njia ya upepo ili sauti isitoke nao, jengo lipimwe tena kiangazi kijacho. Likishindwa, ni matofali ya kuchoma. Waliondoka bila kunywa chai.

Binti alijifungua alasiri. Alilia, tena sana, alimwita mama yake mpaka sauti ikamkauka, na mle ndani mlikuwa na joto la kuivisha viazi. Mimi na nesi tulilowa chapachapa. Ilipokwisha, nilifungua mlango kuwapa ndugu habari.

"Amejifungua?" Mama mkwe aliruka kutoka kwenye baraza. "Saa ngapi? Mbona hatujasikia kitu!"

Nyuma yangu, kitandani, binti alicheka.

Nilitoa daftari la vipimo. Kwenye safu ya joto niliandika kwamba jengo limeshindwa. Pembeni nikachora safu mpya, nikaiita sauti, na ndani yake nikaandika maneno ya mama mkwe: hatujasikia kitu.