Nyonga ya Fundi Kamera

Fundi wetu wa kamera za magari haelezi kitu kwa maneno matupu. Akishaibandika kamera kwenye kioo cha mbele, anazima gari, anafunga milango, kisha anamvuta mwenye gari kando. "Sasa imesinzia," ananong'ona, kana kwamba ndani kuna mtoto mchanga. "Inakula betri kidogo tu, na betri ikishuka inajizima yenyewe, ili asubuhi gari liwake. Lakini mtu aliguse!" Hapo anasogea kwa madaha, bunda la funguo likining'inia mkandani, analipiga bampa kwa nyonga. Pu! Kitaa chekundu kinawaka. "Umeona? Imeamka, inarekodi, halafu itarudi kulala." Anacheka kama ndiyo mara yake ya kwanza.

Jana shangazi yangu, aliyefungiwa kamera juzi, alikuja amefura kwa hasira, bampa lake lina mkwaruzo. "Aliyenikwaruza yuko wapi, fundi? Kamera yako imelala fofofo!"

"Haiwezekani, mama," alisema fundi, jasho likimtoka. Tukafungua video kwenye simu, tukainamisha vichwa. Ilikuwa moja tu. Akatokea fundi mwenyewe, anakuja kwa madaha. Nyonga, pu, kisha mlio mrefu wa funguo zikichubua rangi. Shangazi akamkazia macho. Fundi akairudisha nyuma, akaitazama tena, uso ukamchanua. "Mama, umeona ilivyoamka upesi?"

Shangazi akajikaza asicheke, akashindwa. Fundi akazivua funguo mkandani, akaenda kutafuta rangi. Alipofika mlangoni akageuka. "Hiyo video msiifute. Nitawaonyesha wateja."