Interview ya Kisumu: niliulizwa kama nimewahi kusimamia watu, nikasema hapana

"Umewahi kusimamia watu?"

Wakuu, salamu kwenu. Swali hilo lilinishinda Kisumu miaka ya tisini. Nasimulia lilivyokuwa, bila chumvi.

Nilikuwa na digrii mpya na CV ya kurasa mbili. Dini, hobbies, "able to work under minimum supervision". Nani aliwahi kuniacha bila supervision? Sijui. Bureau ya kuchapa ilituwekea wote maneno yale yale.

Kazi ilikuwa ya mradi wa maji, kuongoza vikundi vya vijijini. Nikiikosa, narudi kwetu Kombewa kuulizwa kila siku digrii ni ya nini.

Panel ilikuwa ya watu watatu. Aliyeuliza ni mama mmoja wa miwani.

"Hapana, madam."

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani."

Akafunga peni yake.

Kazi nikaikosa.

Nilikuwa nakaa mtaa wa Obunga kwa Waya, yaani shangazi yangu. Nikamlalamikia akikaanga samaki. Akacheka.

"Wewe! Tukimzika babu yako, nani alipanga wapishi? Nani alimfukuza Baba Otis jikoni, na vile anapenda nyama?"

"Waya, hiyo ni matanga. Si kazi."

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unacheza?"

Nilibishana naye wiki nzima. Experience ni nini kama hukulipwa? Na nani aliamua hivyo?

Mwishowe nikachana ukurasa wa pili wa CV. "Coordinator" sikuandika, ningejicheka mwenyewe. Niliandika tu nilichofanya: nilipanga wapishi na wachota maji kwenye mazishi ya siku nne, kisima kilipokauka, nikatafuta mikokoteni ya punda, hakuna mgeni aliyelala njaa.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye chuo kidogo cha ufundi pale Otonglo. Aliposoma mstari huo, akainua kichwa.

"Punda ulitoa wapi, wakati wa kiangazi?"

Tukaongea punda mpaka chai ikapoa. Jumatatu nikaanza kazi.

Nilichojifunza: sifa kila mtu anazo kwenye karatasi. Andika ulifanya nini, kukatokea nini. Kama unaona matanga hayafai kwenye CV, njoo tubishane hapa chini. Na wewe, ni kazi gani umeiacha nje ya yako?

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mama wa miwani kwenye mazishi mengine, huko huko kwetu Kombewa. Akanishika mkono, hakuuachia.

Akaniambia alikuwepo kwenye matanga ya babu, akaniona nikipanga watu. Sahani yake ya chakula nilimpa mimi.

Ndiyo maana aliuliza mara mbili.